Nilitua kabla ya saa niliyoondoka

Nilifika mapokezi ya hoteli moja Los Angeles saa 6 mchana, begi mkononi, macho mekundu, nikaambiwa chumba changu ni cha kesho. Mhudumu alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeondoka Tokyo tarehe 14 Januari saa 11 jioni. Wakati wa kulipia chumba nilijumlisha saa 10 za angani, nikapata alfajiri ya tarehe 15, nikaandika tarehe hiyo. Kumbe nilitua tarehe 14 ileile, saa 4 asubuhi, yaani saa saba kabla ya kuondoka! Januari Tokyo iko mbele ya Los Angeles kwa saa 17, na katikati ya bahari ndege huvuka mstari wa tarehe, ambapo ukielekea mashariki kalenda hurudi nyuma siku moja. Usiku wa ziada nikaulipia bila kubishana, maana ningelala wapi?

Tangu siku hiyo umbali wa mtandaoni siuamini peke yake. Kati ya Tokyo na Los Angeles utaandikiwa kama kilomita 8,800. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia. Vuta uzi kwenye tufe uone: unapinda kaskazini kuelekea visiwa vya Aleutian, wakati kwenye ramani bapa ungepiga rula ukakatisha Pasifiki moja kwa moja. Hata hivyo rubani hafungwi na uzi huo. Hukwepa dhoruba, na mara nyingine anga lenyewe limefungwa. Mwaka 2022 Finnair, shirika la ndege la Finland, lilipozuiwa kupita juu ya Urusi, safari ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ya saa 9 na ushee ikafika takribani 13. Viwanja viko palepale.

Halafu kuna upepo. Wengi tunagawa kilomita kwa 900, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya ndege kubwa, tukaridhika. Lakini kilomita 10 hivi juu ya ardhi huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ndio huzidi. Kwenda Los Angeles ulinisukuma mgongoni. Kurudi ulinikabili usoni, nikakaa karibu saa 12 kwa umbali uleule. London na New York ni hivyohivyo: kwenda New York saa 8 hivi, kurudi 7 au pungufu.

Sasa naanza na ratiba ya tiketi. Muda wake huhesabiwa tangu ndege inapoachia lango hadi inaposimama kwenye lango la pili, kwa hiyo ule mwendo wa kinyonga ardhini umo. Nabadilisha saa zote mbili ziwe za UTC, yaani saa moja ya pamoja inayotumika dunia nzima: 17:00 ya Tokyo ni 08:00, na 10:00 ya Los Angeles ni 18:00. Natoa, napata 10. Kama kuna kuunganisha ndege, saa za kusubiri zinaingia zenyewe kwenye hesabu hiyo. Kutoka uwanjani hadi mjini najumlisha kando, kwani uwanja wa Narita peke yake uko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo.

Mwisho natafuta kile kialama cha +1 pembeni ya saa ya kufika, yaani unafika siku inayofuata. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa nacho, ya kwenda haikuwa nacho. Hoteli naishika baada ya hapo.