Fundi wa Fito Anajibu: Pete ya Kwanza Ikae Wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua ufito mtupu wa futi 8 nijitengenezee fimbo ya kurushia kolekole kutoka mwambani. Rili yangu ni saizi ya 5000 na mshipi ni wa kusukwa. Nimepanga pete 7 za kupitishia mshipi, mbali na ile ya nchani, kwa kufuata jedwali lililokuja na pete zenyewe. Pete kubwa ni ya milimita 20 na nimeiweka sentimita 38 kutoka kwenye rili. Nikirusha, nasikia mshipi ukiigonga, mara nyingine unajizonga juu yake, na chambo bandia cha gramu 40 hakifiki mbali. Nimeshazifunga kwa uzi ila sijapaka epoksi, ile gundi ya kufunika uzi. Tatizo ni rili?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rili haina kosa, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya epoksi. Uzi mtupu unakatwa kwa wembe ukaisha. Epoksi ikishakauka ni kazi ya kuipasha moto na kuikwangua, na ufito wenyewe unaweza kuumia.

Jedwali limepangwa kwa urefu wa ufito. Rili yako halijaiona, na rili ndiyo inayoamua pete ya kwanza ikae wapi. Unaporusha, spuli, yaani kile kigurudumu cha rili kinachobeba mshipi, haizunguki. Mshipi unaruka kutoka kwenye ukingo wake kwa mizunguko mipana, na pete tatu nne za mwanzo kazi yake ni kuibana mizunguko hiyo hatua kwa hatua mpaka mshipi unyooke. Wewe umeibana mapema mno, tena kwa pete ndogo. Mizunguko inafika pale bado mipana, inagonga fremu, inarundikana nyuma yake, na hapo ndipo unapopata zile zongo. Ungeipeleka mbali kupita kiasi ungeona kinyume chake: mshipi ungekuwa unachapa ufito kati ya rili na pete.

Kwa rili ya ukubwa huo mimi huanza na pete ya milimita 25, ya miguu miwili na fremu ndefu, sentimita 60 hivi kutoka ukingo wa spuli. Nasema huanza. Ile ya 20 uliyonayo iwe ya pili, halafu 12, na zinazobaki zote ziwe za 8. Usishawishike na vipete vidogo zaidi kwa sababu fulani amesema vinapunguza uzito wa ncha. Ni kweli vinaupunguza, na uzito wa nchani huhisika kuliko wa karibu na mpini. Lakini mtu wa kolekole anaunga kipande cha nailoni nene mbele ya mshipi wa kusukwa, na kile kifundo lazima kipite kwenye pete zote kwa kasi ya kurusha. Kikikwama mara moja, chambo kimekwenda na maji.

Pia ongeza pete moja. Desturi ya mafundi ni pete moja kwa kila futi, ukiacha ya nchani, kwa hiyo futi 8 zinataka 8. Pima kutoka nchani kwa sentimita: 10, 21, 32, 44, 58, 75, 96, na kubwa 122. Hapo nimechukulia kwamba ukingo wa spuli uko sentimita 182 kutoka nchani. Ukiwa na mpini mrefu au mfupi zaidi, sogeza zile za chini na uache za juu. Unaona nafasi zinavyopanuka kadiri unavyoshuka: ncha ndiyo inayopinda zaidi, na ndiyo inayotaka pete za karibu karibu.

Kisha funga rili, chukua uzi, uvute kutoka katikati ya spuli kwa kufuata mwelekeo wa shina lake. Rili nyingi shina limeinama kidogo kuuelekea ufito, kwa hiyo uzi utaugusa mahali fulani huko mbele. Karibu na hapo ndipo pete ndogo ya kwanza inapotakiwa. Halafu weka jicho nyuma ya rili utazame mbele: kila pete ionekane ndani ya iliyo kubwa kuliko yeye.

Yote haya yafanye pete zikiwa zimeshikwa kwa ukanda mwembamba wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Naomba sana usizifunge upya kwa uzi mpaka umalize majaribio mawili.

La kwanza ni la kupinda. Kaza mpini, pitisha mshipi kwenye pete zote, funga ndoo yenye lita 3 za maji, inua taratibu. Pembe kati ya mpini na mshipi isipungue nyuzi 90. Ukiukunja zaidi ya hapo mzigo wote unaingia nchani na ufito unavunjika. Chuchumaa, tazama ubavuni. Mshipi unatakiwa kufuata mviringo wa ufito. Ukiona mahali mshipi umekata kona kali kwenye pete moja, jirani zake ziko mbali nayo. Zisogeze na uinue tena.

La pili ni la kurusha, na hili ndilo lenye neno la mwisho. Nenda uwanja mtupu na chubwi la gramu 40 bila ndoana, siku upepo umetulia. Kusi ikivuma hutajua kama ni pete au ni upepo unaopinda mshipi. Rusha mara kadhaa, pima kwa hatua, sogeza pete kubwa sentimita 2, rusha tena. Sikiliza pia. Pete ikikaa mahali pake kelele inapungua waziwazi, na mara nyingi ni papo hapo umbali unapoongezeka. Weka alama kwa penseli, ndipo ufunge.

SWALI: Fundi, ni lazima nitafute uti wa mgongo wa ufito, yaani upande wake ulio mgumu kuliko mwingine, kabla ya kupanga pete? Wengine wanasema fimbo itajisokota nikipata samaki mkubwa.
Msomaji, Tanga

JIBU: Kama fimbo yako ni ya rili ya kuning'inia chini ya mpini, kama ya mwenzako wa Kilifi, usiumize kichwa. Kinachosokota fimbo ni pete kukaa juu, mshipi ukazivuta zigeuke chini. Zako ziko chini tayari. Tazama tu kama ufito una mkunjo wa asili, uupange uelekee juu au chini, usiwe wa ubavuni.

SWALI: Mzee, mshipi wangu mpya wa kusukwa unatoa manyoya mita chache za mwisho. Nimeuziwa bandia?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Usimlaumu muuzaji bado. Chukua pamba, uipitishe ndani ya kila pete huku ukiizungusha. Itakapoacha nyuzi, hapo duara la ndani lina ufa, hata kama jicho halioni. Anza na ya nchani, ndiyo inayogongwa zaidi mtumbwini. Hutolewa kwa kupasha moto gundi yake kidogo; moto usiufikie ufito. Ukishaibadilisha, kata mita zote zilizosagika kabla hujaenda kutafuta sangara.