Jino limelika karibu na fizi: lizibwe kwa kitu gani?

SWALI: Meno yangu mawili ya juu, upande wa kushoto, yamelika shingoni karibu na fizi, na maji baridi yanayauma. Yalizibwa kwa kompositi (plastiki ngumu yenye rangi ya jino), lakini kabla ya mwaka kuisha kizibo kimoja kikabanduka. Daktari mwingine anapendekeza glasi ionoma (saruji ya meno yenye unga wa kioo). Je, ndiyo imara zaidi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa sehemu hiyo ya jino, ushauri huo una msingi. Kompositi hushikwa na gundi, na gundi hushika vizuri zaidi kwenye enameli, yaani gamba gumu la nje la jino. Shingoni enameli ni nyembamba, na ukingo wa chini mara nyingi hauna kabisa: ni dentini tupu (tabaka lililo chini ya enameli), ambayo ikisuguliwa miaka mingi huwa ngumu, inang'aa, na gundi haipenyi vizuri. Fizi nayo hutoa majimaji. Ikivuja damu kidogo tu wakati wa kuziba, gundi imeharibika.

Glasi ionoma hushikamana yenyewe na kalisi ya jino, huvumilia unyevu kidogo na hutoa floraidi. Ubaya wake ni kwamba ile ya kawaida huliwa na mswaki na hufifia. Sisi tungechagua iliyochanganywa na rezini (aina ya plastiki), inayogandishwa kwa taa.

Hata hiyo itabanduka ikiwekwa ovyo. Fizi yenye uvimbe itibiwe kwanza. Jino lisuguliwe kwa unga wa pamisi (jiwe la kusugulia lililosagwa) usio na mafuta, na dentini inayong'aa ikwanguliwe kidogo. Uzi mwembamba uingizwe kusogeza fizi. Asidi ya poliakriliki, asidi hafifu ya kusafisha uso wa jino, ipakwe kama sekunde 10, ioshwe, kisha maji yafutwe bila kulikausha jino kabisa. Mwisho ni vanishi, utando mwembamba wa kukinga kizibo.

Meno yako yakionekana ukicheka, kompositi bado inafaa kwa rangi na mng'ao, mradi pawe pakavu: enameli ipakwe asidi ya fosforiki ya 37% sekunde 15 hivi, na kila tabaka lisizidi milimita 2, kwa sababu kompositi hunywea inapoganda.

Muulize pia daktari kilichoyala. Anayetumia mkono wa kulia mara nyingi husugua kwa nguvu upande wa kushoto. Nunua mswaki laini, ushike kwa vidole badala ya kukamata kwa kiganja, na baada ya ukwaju, limau au soda subiri nusu saa ndipo upige mswaki.