Funguo za kabati la Katibu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limenikuta dukani kwangu Igoma asubuhi, kabla wateja hawajachangamka. Mmeuliza: "Klabu zetu sasa zinagombania watendaji wakuu kama zinavyogombania washambuliaji. Je, soka letu linafaidika?" Nimelisoma mara mbili, nikaliweka pembeni, nikalirudia. Limenigusa mahali ambapo sikutegemea, ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu.

Msimamo wangu nautanguliza: halifaidiki. Mshambuliaji akihama anahama na miguu yake. Mtendaji akihama anabeba namba za simu, bei mlizokubaliana na mawakala, jina la kiungo mliyekuwa mnamfuatilia kimyakimya, na madeni ambayo hamkutaka yajulikane. Tulioshuhudia Agosti 2020 hatuhitaji kuelezwa. Senzo Mazingisa, raia wa Afrika Kusini, alikuwa mtendaji mkuu wa Simba iliyotoka kuchukua ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho la hapa nchini ndani ya msimu mmoja. Akajiuzulu, na kabla watu hawajamaliza kuisoma taarifa, yuko Yanga, hasimu wa jadi wa Simba. Kijiweni kwetu watu walirushiana maneno mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya msemaji, Haji Manara, njia ileile, kutoka Msimbazi kwa Simba kwenda Jangwani kwa Yanga. Mimi nilisema siku hizo, na niliendelea kusema kwa miaka, kwamba ingewekwa kanuni: ukitaka kuhamia kwa hasimu, ukae nyumbani msimu mzima kwanza.

Wenzetu Uingereza wana kitu cha namna hiyo. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo wa Newcastle, alipotakiwa na Manchester United, Newcastle ilimweka likizo ya lazima kuanzia Februari 2024. Klabu zikavutana kuhusu fidia mpaka Julai ndipo akaanza kazi Old Trafford. Desemba mwaka huohuo wakaachana naye. Miezi mitano! Mvutano wote ule, pesa yote ile, kwa mtu ambaye hata ofisi yake hajaizoea.

Hapo nilidhani nimemaliza kujibu. Lakini kalamu ilipofika hapa nikaona ninajibu swali la watu wa Dar es Salaam. Huku kwetu ziwani hakuna anayegombaniwa. Wachezaji wetu wamechukuliwa tangu zamani, George Masatu na Hussein Masha walitoka klabu ya Pamba ya hapa Mwanza wakaenda Simba, na hilo tulishalizoea. Lakini ni lini mmesikia klabu kubwa imekuja Mwanza, Musoma au Bukoba kumchukua katibu? Swali letu sisi ni jingine: timu zetu zina mtu wa ofisini ambaye akiondoka pengo litaonekana?

Nawakumbusha Biashara United ya Musoma. Oktoba 2021, Kombe la Shirikisho Afrika, vijana wa Mara wanaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 pale Chamazi. Mabao mawili mkononi, imebaki mechi ya marudiano. Timu haikusafiri. Ndege, vibali, pesa, kila mtu alieleza lake, na mwisho wa yote wakatolewa mashindanoni bila kupiga mpira. Kosa halikuwa la kipa wala la beki. Mechi ile ilipotea mezani, kwenye makaratasi na simu, mahali ambapo shabiki hapaoni. Na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwenye kanuni zake za leseni za klabu inataka uwe na watu wenye nafasi zao: mtendaji, wa fedha, wa habari, wa usalama, daktari. Timu zetu nyingi nafasi hizo zinajazwa kwenye fomu tu, jina moja linashika tatu.

Sasa nieleze kwa nini nasema hivi.

Mwaka 2014 nilikuwa mtunza vifaa wa timu moja ya hapa jijini iliyokuwa inacheza ligi ya mkoa. Jina lake naliacha, wenyewe watajijua. Ofisi ilikuwa chumba cha kupanga Mabatini: meza, benchi, na kabati la chuma la kijivu. Katibu wetu alikuwa mzee aliyestaafu ushirika, maisha yake yote karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Tulimwita Katibu hata sokoni. Alitembea na kalamu mbili, ya bluu kwa mapato, nyekundu kwa matumizi, na kaunta buku lililofunikwa kwa gazeti. Mpira ukichomwa na michongoma ya uzio wa shule tuliyokuwa tunafanyia mazoezi, aliandika tarehe, na jina la aliyeupiga. Jezi zikienda kufuliwa, alihesabu zikitoka, akahesabu zikirudi. Soksi pia. Tulikuwa tunamlipa nauli ya daladala na vocha ya simu, na miezi mingine hata hiyo vocha hakuipata.

Mwezi mmoja kabla ya ligi walikuja watu wawili na Noah kutoka mkoa wa jirani. Timu yao ilikuwa daraja moja juu yetu, ina mfadhili. Walikaa naye kwenye benchi nje ya ofisi, wakanunua soda. Niliwaona mimi, nilikuwa ndani nashona nyavu. Walimwahidi chumba na mshahara wa kila mwezi. Mshahara! Katika umri ule, kwa kazi aliyokuwa anatufanyia kwa nauli.

Hakuondoka kwa kujificha. Alikuja kwenye kikao, akaeleza, akamuuliza Mwenyekiti: "Nimkabidhi nani?" Mwenyekiti akasema, "Wewe nenda tu Mzee, tutajipanga." Akauliza tena, "Vitu vya ofisi nimkabidhi nani?" Akajibiwa aache hapohapo, wataona. Funguo ya kabati ilikuwa moja. Akampa Mhazini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa karibu.

Mechi yetu ya pili ilikuwa Sengerema, Jumapili, saa 10 jioni. Enzi hizo hili daraja la Kigongo–Busisi halijaota hata kwenye karatasi tunazoziona sisi. Ni kivuko. Tuliondoka mjini na Coaster saa 4 asubuhi, vijana wanaimba. Kazi ya leseni za wachezaji nilikuwa nimepewa mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine, na nilichukua bahasha ya kaki iliyokuwa juu ya meza, imeandikwa LESENI kwa mwandiko wa Katibu. Sikuifungua. Tulipofika Kigongo tukisubiri pantoni, meneja akaomba azihesabu. Nakumbuka alikuwa na kipande cha sato wa kukaanga mkono wa kushoto. Akatoa kadi ya kwanza, akaitazama, akatoa ya pili, akaweka samaki chini kwenye nailoni. Zilikuwa za msimu uliopita.

Nilimpigia Katibu. Akapokea kwa mara ya tatu, yuko uwanjani na timu yake mpya, nasikia makelele nyuma. Hakuuliza habari za nyumbani. Alisema: "Za mwaka huu ziko ndani ya kabati, rafu ya chini, chini ya daftari la mapato. Funguo anayo Mhazini." Mhazini alikuwa Ukerewe, msibani, amevuka na meli ya jana yake. Simu yake haipatikani.

Timu ikavuka. Mimi nikarudi mjini kwa bodaboda, tumbo linaniuma kwa woga. Jumapili mafundi wengi wamefunga. Nilizunguka Mabatini mpaka nikampata kijana mmoja wa kuchomelea akiwa amevaa nguo za kanisani, nikambembeleza, akaja na mashine yake ya kukatia chuma. Cheche ziliruka ndani ya kabati. Nilipoinua daftari la mapato, pembe ya juu ilikuwa inafuka moshi, nikaizima kwa kiganja. Leseni zilikuwa pale pale aliposema, zimefungwa na raba bendi, zimepangwa kwa alfabeti.

Nilifika tena Kigongo, kivuko kimetoka tu, nakiona mgongo wake katikati ya maji. Aliyewahi kusimama pale na haraka yake anajua maji yale yanavyokuwa mapana. Nilifika uwanjani Sengerema saa 10:50. Waamuzi walikuwa wamesubiri dakika zao, wamepuliza filimbi, wamejaza fomu, wameondoka. Vijana wetu walikuwa wamekaa kwenye nyasi na jezi safi, mashati yamechomekwa, hakuna aliyenitazama. Wenyeji wakapewa pointi 3 na mabao 3. Mwisho wa hatua ile tulikosa kusonga mbele kwa pointi 2.

Usiku Katibu alipiga. "Baba, mmecheza?" Nikamwambia, "Umetuua, Mzee. Umetuacha, umetuua." Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama daftari la mapato limesalimika.

Kwa miaka hii yote nimesimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba watendaji wasiruhusiwe kuhama hovyo. Ndivyo nilivyotaka kukisimulia na leo. Lakini nimekiandika kwa mkono wangu na maneno yako hapo juu: aliuliza mara mbili nimkabidhi nani. Mara mbili. Nilikuwepo, nilisikia, na mimi sikunyanyua mkono kusema nikabidhi mimi. Kwa miaka minne hakupewa msaidizi. Hakuna aliyewahi kuomba afunguliwe lile kabati aone kilichomo. Na bahasha niliichukua mimi bila kuifungua.

Kwa hiyo msimamo niliouanza nao umenilegea, na ni bora niseme hivyo kuliko kufuta nilichoandika.

Nirudi Dar. Baada ya Senzo kuondoka, Simba haikufa. Septemba 2020 ikamkabidhi ofisi Barbara Gonzalez, na msimu huohuo ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Yanga nayo, Senzo alipomaliza muda wake 2022, ikamleta Andre Mtine aliyewahi kuwa TP Mazembe, na 2023 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Sisemi hao watu ndio waliofunga mabao. Nasema kiti kilikuwa na thamani kabla ya mtu kukikalia, ndiyo maana akitoka mmoja anatafutwa mwingine siku hiyohiyo. Tangu 2021 ligi yetu ina mkataba wa matangazo na Azam wa Shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Pesa ya namna hiyo inakuja na mikataba, ripoti na tarehe za mwisho. Klabu itakayomwachia kazi hiyo mtu wa kujitolea, yatakuja kuikuta ya Kigongo, tena kwa hasara kubwa kuliko pointi 3.

Kwa hiyo jibu langu, Mhariri, ni ndiyo. Wagombaniwe. Bei ya mtu wa ofisini ikipanda, huenda viongozi wetu wa huku wakaanza kumwona. Pamba imerudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka 23, safari hii mikononi mwa Jiji la Mwanza, na furaha yangu siku ile siwezi kuieleza. Lakini ningependa siku moja nisikie klabu ya Dar imekuja kubisha hodi Mwanza inamtaka mtendaji wa Pamba Jiji. Nitaumia, na nitajua tumefika.

Ila nina masharti, na haya siyalegezi. Asichukuliwe katikati ya msimu. Akae mwezi mzima na anayempokea, wakiandika kila kitu kwa wino. Na klabu inayochukua ilipe fidia, hata kama ni ndogo, kwa sababu timu ya ligi ya mkoa iliyomlea mtu haina tajiri kama Mo Dewji wa Simba wala mfadhili wa kuziba pengo. Siri za usajili bado zinanitatiza, hapo sijapata dawa, na Senzo bado sijamsamehe sawasawa.

Katibu yuko hai, anaishi Magu kwa binti yake, macho yamepungua. Radhi sijawahi kumwomba.

Timu yetu ile bado ipo. Msimu huu ina katibu mpya, binti aliyesoma uhasibu, anaweka kila kitu kwenye kompyuta na nakala kwenye faili. Wiki iliyopita alinipitia dukani, akaniambia kuna watu wa Shinyanga wamempigia simu mara mbili. Nilimwambia awasikilize. Kisha nikaenda kwa Mwenyekiti, nikamkuta anakunywa chai, nikamwambia amlipe huyu mtoto mshahara kabla mwezi haujaisha, na kesho yake nikarudi Mabatini na fundi. Kabati ni lilelile la kijivu, limewekwa kitasa kipya. Funguo sasa ziko tatu.

Msomaji wenu,
Igoma, Mwanza