Miguu Inanigomea Usiku, Nimeze Nini?

SWALI: Anti shikamoo. Mi nina miaka 34, watoto wawili. Kila nikipanda kitandani miguu inaanza, sijui hata niiteje, haiumi, haiwashi, haina ganzi, ila kuna kitu kama kinatambaa huku ndani kwenye vigimbi na nisipoitikisa naona nitapiga kelele. Nikiamka nikazunguka chumbani inatulia, nikirudi tu kulala imeanza tena. Mume wangu kahamia sebuleni, anasema nampiga mateke usiku kucha na mi hata sijui. Asubuhi niko mzima kabisa ndo maana watu wanaona najitungia. Nimepima damu wakaniambia iko sawa, 12.8. Shoga yangu akasema nimepungukiwa magneziamu, nimemaliza chupa ya kwanza nikaingia ya pili, wapi. Sasa hivi nakunywa ile dawa ya mafua inayoleta usingizi lakini siku hizo ndo naona miguu inachachamaa zaidi, au ni mawazo yangu? Nimeze nini Anti, nimechoka. (Mama Wawili)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Nianze na hiyo dawa ya mafua maana hiyo unaweza kuiacha leo leo. Sio mawazo yako. Dawa nyingi za mafua na aleji zinazolevya usingizi, zenye difenihidramini, klorofenamini au promethazini, zinaichochea hii hali yako, inaitwa ugonjwa wa miguu isiyotulia (kwa Kiingereza restless legs), kwa hiyo unajilaza na kujiamsha kwa kidonge kimoja. Kuna na ya kuzuia kutapika inaitwa metoklopramidi, nayo hivyo hivyo. Baadhi ya dawa za sonona pia zinaamsha miguu ila hizo usije ukaziacha mwenyewe, nenda kaongee na aliyekuandikia.

Na wanaosema unajitunga waambie daktari mmoja Mwingereza, Thomas Willis, aliandika habari za wagonjwa wa namna yako mwaka 1672. Ni ugonjwa kweli na una dalili zake: hamu ya kutikisa miguu isiyozuilika, inakuja ukiwa umetulia, ukitembea inapungua, na jioni na usiku ndo inazidi. Ukikamatwa na msuli ule unaokakamaa kama jiwe hicho ni kitu kingine.

Sasa hapo kwenye 12.8 ndo nataka tukae. Hicho kipimo ni cha hemoglobini, yaani kinaangalia chuma kilichoko kazini kwenye damu, hakikuambii ghalani kumebaki nini. Ghala linapimwa kwa feritini na ni kipimo kingine kabisa, usipokitaja mara nyingi hawakipimi. Najua kwa sababu yamenikuta, hemoglobini yangu ilikuwa 13 na nikarudishwa nyumbani mara mbili naambiwa nipunguze mawazo, nilipokuja kupimwa feritini ikawa 19! Maabara nyingi watakwambia 19 ni kawaida, na kwa mtu mwingine labda sawa, ila kwa mwenye miguu hii madaktari wanaoshughulika nayo wanafikiria kuongeza chuma feritini ikiwa 75 kushuka chini. Sababu ni kwamba ubongo unahitaji chuma ili dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe huko ubongoni, ifanye kazi yake, na kwa watu kama sisi ubongo unaweza kuwa na njaa ya chuma hata damu ikiwa imeshiba. Wewe ni mwanamke, umezaa mara mbili, na kama hedhi yako ni nzito basi ghala linavuja kila mwezi. Ila kapime ukiwa huna homa wala uvimbe wowote mwilini, maana ukiumwa feritini inapanda yenyewe na inakudanganya.

Ikitoka ndogo ndo unaongea na daktari habari ya vidonge vya chuma. Mimi nilimeza kimoja siku moja naruka moja, chenye chuma miligramu 65, tumbo likiwa tupu, pamoja na vitamini C, na chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalsiamu nikaviweka mbali kwa masaa mawili maana vinazuia chuma kuingia. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, na kitakuwa kigumu, hapo kunywa maji. Wiki ya kwanza hutaona kitu, ya nne unaweza usione kitu, mimi nilikuja kushtuka wiki ya kumi kwamba jana nililala moja kwa moja. Baada ya miezi mitatu pima tena. Kama tumbo limekataa vidonge kuna chuma cha kuchomwa mshipani, na kama feritini yako iko juu kumbe, zipo dawa nyingine, rudi kwa daktari. Usianze chuma kwa kubahatisha, kuna miili inayolimbikiza chuma na kikizidi kinaharibu ini na moyo. Na chupa ifungie mbali na hao wanao wawili, vidonge hivyo vinaua mtoto.

Magneziamu sikukatazi kama figo zako ni nzima, ila ushahidi wake ni mdogo na chupa mbili umeshazijaribu, mimi ningeacha. Jioni punguza kahawa na pombe kama unatumia, kanda vigimbi, oga maji ya moto. Hivyo haviponyi ila vinakusogezea usiku.

SWALI: Anti, mimi ni ya miguu pia ila nina mimba ya miezi saba, kabla sikuwa nayo. Itabaki hivi? (Mjamzito)

JIBU: Kwa wengi haibaki. Miezi mitatu ya mwisho ndo inapamba moto, na inadhaniwa sababu mojawapo ni chuma kingi kwenda kwa mtoto, na mara nyingi ukishajifungua inaondoka ndani ya wiki chache. Ila usikae kimya, kliniki ijayo sema neno feritini, na usiongeze kidonge chochote juu ya wanavyokupa mpaka majibu yatoke.