Noti kubwa za Marekani: anza na rula, bei baadaye

Msomaji mmoja aliyeko Columbus, Ohio, ametuma picha ya noti ya dola moja aliyoikuta nyuma ya fremu aliyonunua kwenye duka la mitumba. Imeandikwa 1923. Anauliza: "Hii ni dola ngapi?" Kabla hajajibiwa, ameshaifua kwa sabuni ya unga ili ipendeze.

Hapo ndipo panapouma. Noti iliyofuliwa wino wake hufifia, karatasi hulegea kama kitambaa, na ule mchapo uliotuna, ambao kidole huusikia, hulala. Mnunuzi mzoefu akiishika tu ameshajua. Usifue noti, usiipige pasi, usiibandike selotepu, usiitie leminesheni. Hata kifuko laini cha plastiki ya PVC kinaiharibu taratibu. Tumia cha Mylar, yaani plastiki ya poliesta.

Sasa chukua rula. Noti kubwa kwa umbo, zilizotoka kati ya 1861 na 1929, zina urefu wa milimita 187 hivi na kimo cha 79. Zilizoanza kutoka Julai 1929 ni 156 kwa 66, sawa na dola za leo. Wakusanyaji huziita zile kubwa "blanketi za farasi".

Kisha soma maandishi ya usoni, maana ndiyo yanayotaja ukoo wa noti: SILVER CERTIFICATE, GOLD CERTIFICATE, UNITED STATES NOTE, TREASURY NOTE, NATIONAL CURRENCY au FEDERAL RESERVE NOTE. Rangi ya muhuri inasaidia, lakini usiitegemee peke yake: noti za Federal Reserve (benki kuu ya Marekani) za 1914 zilianza na muhuri mwekundu, baadaye wakaweka wa buluu.

Mwaka ndio unaowapoteza wengi. Mwaka ulioandikwa ni wa mfululizo. Hausemi noti ilitoka mashineni lini, kwa sababu mfululizo mmoja uliweza kuchapwa miaka mingi huku maofisa wa hazina wakibadilika. Ndiyo maana sahihi mbili za chini, za maofisa hao, zina uzito kuliko mwaka. Kwa dola moja ya 1923, zenye sahihi za Speelman na White zimejaa tele. Za Woods na Tate ni chache, kwa sababu Tate alikuwa mweka hazina kwa miezi michache tu, kuanzia 1928 hadi mwanzoni mwa 1929. Kwenye dola moja ya 1917 angalia Elliott na Burke: kawaida Elliott yuko kushoto. Ukimkuta Burke kushoto, sahihi ziligeuzwa kimakosa, na hiyo ina wanaoitafuta.

NATIONAL CURRENCY ni dunia nyingine kabisa. Zaidi ya benki 12,000 zilitoa noti hizo, na kila noti ina jina la benki na mji, na nyingi zina namba ya leseni ya benki. Picha inaweza kuwa ile ile, karatasi ile ile, lakini ya benki kubwa ya New York ikauzwa bei ya kawaida, na ya benki ya kijiji iliyofungwa mapema ikagombewa na watu wa kijiji hicho. Kwa hiyo tafuta mji kwanza, uzuri wa noti uje nyuma.

Hali ya noti ipimwe kwenye mwanga. Washa tochi ya simu nyuma yake: matundu ya pini yatatoka kama nyota. Kisha ilaze iangaliwe kwa pembeni, uhesabu mikunjo. Mkunjo mmoja wa katikati tayari umeiondoa kwenye daraja la noti mpya, hata kama haijapita mikononi mwa watu.

Mnayoyaona kwenye video, eti noti ya 1923 ni milioni, acheni. Iliyotumika huuzwa takriban dola 20 hadi 50. Noti ya dola kumi ya 1901 yenye picha ya nyati, au dola moja ya 1896 yenye mwanamke anayemfundisha kijana, hizo ni mamia ya dola hata zikiwa zimechoka. Tazama bei zilizokwisha kulipwa mnadani. Anachoomba muuzaji si bei. Na duka la kubadilisha fedha Dar au Nairobi lisiwe mizani yako: pale hata dola ya mwaka 2003 huweza kukataliwa, ingawa kwao Marekani noti ya 1862 bado inahesabika kwa thamani iliyoandikwa.

Ukiona dola 1,000 ya Bank of the United States, mwaka 1840, namba 8894, irudishe droo. Ni nakala ya mapambo, na kila nakala ina namba hiyo hiyo.

Noti ya Columbus ina Speelman na White, mikunjo ya msalaba, na kona moja haipo. Kwa sabuni ile, akipata dola 15 ashukuru.