Kabla hujaiondoa makala yako, omba agizo kwa maandishi

Juma lililopita mhadhiri msaidizi mmoja aliniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Mkuu wa idara ameniagiza niiondoe makala yangu jaridani. Nifanyeje?" Sikuhitaji kufikiri sana, kwa kuwa yaliwahi kunikuta.

Mwaka 2018 nilikuwa nachunguza bei wanazolipwa wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Miezi ya kuzunguka mashambani naiacha, kila mtafiti anaijua. Makala ilipokamilika niliitwa ofisini, nikamiminiwa chai, kisha nikaambiwa kwa upole kwamba wakati haufai, maana Sheria ya Takwimu ilikuwa imetoka kurekebishwa na sasa anayetaka kuchapisha takwimu alitakiwa kupata kwanza idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Nilishukuru kwa chai, nikaiondoa makala. Agizo lile halikuandikwa popote, nami sikuomba liandikwe. Mwaka 2019 Bunge, hapa hapa Dodoma, liliirekebisha tena sheria hiyo na kuondoa adhabu ya jinai kwa wanaochapisha takwimu huru. Lakini hojaji zangu, maboksi mawili yenye vumbi jekundu la Hombolo, zilikuwa zimeshabebwa kama mali ya mradi. Hadi leo nikiona zabibu sokoni moyo huniuma.

Kwa hiyo, ndugu mwanataaluma, andika. Ukipewa agizo la mdomo, jioni hiyo hiyo tuma baruapepe: "Kama tulivyozungumza leo, umeniagiza niondoe makala kwa sababu zifuatazo." Kabla ya kusaini mkataba wa fedha za utafiti, tafuta kipengele cha haki ya kuchapisha, na kisipokuwepo, dai kiandikwe.

Tena, soma. Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990 kuhusu uhuru wa kitaaluma lilitokana na jumuiya za wanataaluma wenyewe, na lilitangulia lile la Kampala la Novemba mwaka huo huo. Pendekezo la UNESCO la 1997 nalo linataja wazi haki ya kuchapisha matokeo ya utafiti. Hakuna mahakama itakayoyatekeleza kama sheria, ila barua inayoyanukuu haitupwi kirahisi. Azimio la Dar es Salaam lilifunganisha uhuru huo na wajibu kwa jamii, na mkulima aliyeacha kupogoa mizabibu yake ili ajibu maswali yetu anatudai majibu. Tunaokunywa chai na kunyamaza tunamdhulumu.

Mdogo wangu yule aliomba agizo kwa maandishi siku ya Jumatatu. Hadi naandika haya hajaletewa karatasi yoyote, na makala yake bado iko kwa wahakiki.