Maswali ya R: Mistari Inayopotea Kimyakimya

Mifano yote ni ya iris (vipimo vya maua ya aina tatu: setosa, versicolor na virginica) na airquality (vipimo vya hewa vya kila siku), data zinazokuja pamoja na R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ili kila msomaji ajaribu mwenyewe.

Mtaalamu, iris[iris$Sepal.Length > 5] inanipa kosa la "undefined columns selected". Nimekosea wapi?

Umesahau mkato: `iris[iris$Sepal.Length > 5, ]`. Bila mkato R inaelewa kwamba unachagua safu (columns, za wima), na ujumbe wenyewe umekutajia safu. Swali hili halikomi kwa sababu watu hawasomi ujumbe wa kosa. Usomeni, tafadhali.

Nataka setosa na versicolor tu. Nimeweka iris$Species == c("setosa", "versicolor") kwenye mabano, nikapata mistari 50. Si ilipaswa kuwa 100?

Ilipaswa. Alama ya `==` hulinganisha kwa zamu: mstari wa 1 na setosa, wa 2 na versicolor, wa 3 na setosa tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Nusu ya kila aina imetupwa. Na kwa kuwa 150 inagawanyika kwa 2, R haikutoa hata onyo. Tumia `%in%` badala ya `==`, kisha pitisha `droplevels()`, inayofuta majina ya aina zisizobaki; la sivyo `table()` itaendelea kukuonyesha virginica yenye 0, na `boxplot()` itaiachia nafasi.

Umefanya vyema kuhesabu mistari. Wengi hawahesabu, wanapeleka nusu ya data kwa msimamizi wa tasnifu wakidhani ni data yote.

Nilitaka kuondoa siku zenye ozoni zaidi ya 200 kwa airquality[-which(airquality$Ozone > 200), ]. Jedwali limebaki tupu!

Ozoni ya juu kabisa humo ni 168, kwa hiyo `which()` haikupata mstari wowote, ikarudisha vekta (orodha ya namba) tupu. Vekta tupu ukiiwekea alama ya kutoa hubaki tupu vilevile, na R ikipewa vekta tupu haichagui mstari hata mmoja. Hapakuwa na cha kuondoa, ukaondoa yote 153. Ubaya wa `-which()` ndio huo: inakwenda sawasawa miezi na miezi, inaharibika siku data inapokuwa safi. Iacheni kabisa.

Ukigeuza sharti liwe `airquality$Ozone <= 200`, unakutana na jambo la pili: siku 37 hazina kipimo cha ozoni. Mabano ya mraba yatakupa mistari 153, lakini hiyo 37 itajaa NA (alama ya R ya thamani isiyopo) kila safu, hata mwezi na tarehe. `subset()`, na vilevile `filter()` ya dplyr (kifurushi cha ziada cha R), itakupa 116 na kuitupa 37 bila kukuambia. Amua wewe, usiiachie programu. Kuibakiza:

`airquality[is.na(airquality$Ozone) | airquality$Ozone <= 200, ]`

Kuiondoa: `subset(airquality, Ozone <= 200)`, na ripoti yako itaje hizo siku 37.

Naondoaje safu kwa jina? -"Temp" inakataa.

`subset(airquality, select = -Temp)`. Kwa namba andika `-(1:3)`. Ukiandika `-1:3` unapata -1, 0, 1, 2, 3, na R haikubali hasi na chanya pamoja.

Mimi hufuta mistari mibaya kwenye Excel kwanza. Inaokoa muda.

Acha. Baada ya mwezi hata wewe hutajua ulifuta ipi. Sharti la kuiondoa liandike ndani ya skripti, faili la awali lisiguswe.

Nimefundishwa kuanza kila skripti kwa na.omit(). Ni sawa?

Si sawa. Inafuta kila mstari wenye NA popote, kwa hiyo airquality itashuka kutoka mistari 153 hadi 111. Siku zenye kipimo cha ozoni ni 116. Umepoteza 5 kwa sababu tu Solar.R (mionzi ya jua) haipo, safu ambayo pengine huitumii kabisa. Angalia NA kwenye safu unazozihitaji peke yake:

`airquality[complete.cases(airquality[, c("Ozone", "Temp")]), ]`

Matokeo yape jina jipya. Ukiyaandika juu ya jedwali la awali, `nrow()`, inayohesabu mistari, haina tena cha kulinganisha nacho.